Barua kwa Salma kuhusu dawa za mabaka ya mwasho

Mpendwa Salma,

Nimepokea barua yako kuhusu mabaka ya mwasho yanayokusumbua wewe na mwanao, na kuisoma kwa makini. Naona kinachowasumbua wewe na mwanao si ukosefu wa dawa, bali ni namna mnavyoitumia.

Mabaka hayo, ambayo madaktari huyaita urtikaria, hutokea pale seli fulani za ngozi zinapomwaga histamini, kemikali inayoifanya mishipa midogo ivujishe majimaji na neva zihisi mwasho. Dawa ya antihistamini haiondoi histamini iliyokwisha kumwagika. Kazi yake ni kuziba mapema mahali ambapo ingejishikiza. Ndiyo maana kusubiri mwili ujae mabaka ndipo umeze kidonge, kisha kuacha mara yanapofifia, hakukupi nafuu ya kudumu. Maadamu yanakurudia karibu kila siku, meza dawa kila siku kwa saa ile ile, hata ngozi ikiamka imetulia.

Klofenamini uliyoizoea ni ya kundi la zamani la antihistamini, linalopenya hadi kwenye ubongo, na usingizi wake waweza kukufuata mpaka kesho yake kazini. Mimi ningeiacha. Loratadini na feksofenadini hazina sana tabia hiyo, wala setirizini, ingawa hii ya mwisho huwasinzisha baadhi ya watu. Mtu mzima humeza miligramu 10 za setirizini mara moja kwa siku. Zisipotosha, daktari anaweza kukuongezea hatua kwa hatua hadi mara nne ya kipimo hicho, lakini usijiongezee mwenyewe, hasa ikiwa figo zina hitilafu.

Mwanao wa miaka minne usimkatie kidonge chako. Kwa umri wake, setirizini ya maji hutolewa miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni, ikipimwa kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni. Mdogo wake, ambaye hajatimiza miaka miwili, asipewe promethazini, antihistamini nyingine ya zamani, kabisa, kwani yaweza kumzuia kupumua vizuri. Na usiharakishe kumkataza mwanao vyakula ukidhani ndivyo chanzo: kwa watoto, mabaka mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi na huisha yenyewe. Yakipita wiki 6, muone daktari wa ngozi.

Ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, usitegemee kidonge. Hapo kinachohitajika ni sindano ya adrenalini, na hospitali mara moja.

Niandikie ukishaonana na daktari.

Rafiki yako,
Rehema