Kutch kwa siku sita: kwa nini hatukupeleki vijiji vitano kwa siku moja

Wateja wanaotaka kwenda Kutch, pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Gujarat nchini India, hutuuliza swali moja kuliko yote: mbona safari yenu ni siku sita, wakati mtandaoni zipo za siku mbili na ni za bei nafuu zaidi? Ile ya siku mbili inakuonyesha maduka. Gari linatoka mjini Bhuj saa mbili asubuhi, linasimama vijiji vitano kwa nusu saa nusu saa, na jioni mko kwenye chumvi ya Rann, ile nyanda nyeupe ya chumvi, mkigombea nafasi ya kupiga picha. Kwa nusu saa fundi hana cha kukuonyesha ila kitu kilichokwisha kutengenezwa. Naye anajua unaondoka, kwa hiyo anauza.

Chukua mfano wa ajrakh, kitambaa cha nili na damu ya mzee kinachochapwa kwa mihuri ya mbao na mafundi wa jamii ya Khatri. Kitambaa kimoja hupitia hatua 14 hadi 16, kazi ya wiki mbili au tatu. Kwanza pamba hufuliwa itoke wanga, kisha hulowekwa katika mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, magadi na kinyesi cha ngamia, ikaanikwa, ikalowekwa tena. Halafu huchovywa katika maji ya harda, tunda kavu linaloiacha nguo ya manjano na kuifanya ishike rangi zitakazofuata. Ndipo unapigwa muhuri wa kwanza, nao hauweki rangi yoyote: unaweka chokaa na gundi ya mgunga, ili mahali hapo pabaki peupe nguo itakapotumbukizwa kwenye nili. Weusi hutokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa pamoja na sukari guru mpaka maji yake yakachachuka. Maji hayo hufanywa mazito kwa unga wa kokwa za ukwaju, yasitiririke chini ya muhuri. Wekundu ndio unaowashangaza wengi, maana muhuri wake hupigwa kwa shabu, ambayo haina rangi. Nguo ikichemshwa kwenye alizarini, dawa ya kutia rangi, palipopigwa shabu ndipo panapogeuka pekundu.

Mgeni wa nusu saa ataona mtu mmoja akigonga muhuri. Anayekaa tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri ataona hatua nne au tano, kwa sababu karakana huwa na vitambaa vilivyofikia hatua mbalimbali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Ajrakhpur, kilomita chache mashariki ya Bhuj, imepewa asubuhi nzima kwenye ratiba yetu. Hatuendi Ijumaa, maana mafundi ni Waislamu na mchana kazi husimama kwa ajili ya sala. Siku ya mawingu mazito pia si nzuri: kuanika ni sehemu ya kazi, na bila jua utakuta mitungi imefunikwa.

Kijiji chenyewe ni kipya. Karakana nyingi zilikuwa Dhamadka, lakini baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, lenye ukubwa wa 7.7, maji ya huko yalizidi madini ya chuma na rangi zikaanza kufubaa. Baadhi ya familia zikahamia mahali penye maji yaliyowafaa na kupaita Ajrakhpur. Anayedhani ufundi huu ni suala la mkono tu na aanzie hapo.

Dokezo kwa wanunuzi: ajrakh ya kiwandani imejaa sokoni Bhuj. Tazama pale mchoro unapoungana na mwenzake. Muhuri wa mkono hupishana kidogo, mstari ukawa mnene hapa na mwembamba pale. Cha kiwandani kimefanana toka pindo hadi pindo. Na nguo yoyote ya nili ifue peke yake mara mbili tatu za kwanza, la sivyo kanzu zako nyeupe utazisahau.

Nirona, kama kilomita 40 kaskazini-magharibi ya Bhuj, ni kijiji cha rogan, uchoraji wa vitambaa kwa rangi ya mafuta. Hapo mafuta ya nyonyo huchemshwa kwa takriban siku mbili, nje ya makazi kwa sababu ya moshi na hatari ya moto, kisha humwagwa kwenye maji baridi yakawa kitu kizito, chenye kuvutika kama ulimbo. Fundi huchanganya rangi, huweka donge kwenye kiganja ili joto la mwili lililainishe, na kwa kijiti cha chuma huvuta uzi wa rangi juu ya kitambaa bila ncha kukigusa. Akimaliza upande mmoja hukikunja, na mchoro unajinakili upande wa pili. Kijiji hichohicho kina wafua kengele za mifugo wanaopaka chuma vumbi la shaba na kuipa kila kengele sauti yake kwa kugonga ukingo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo karakana bora ya Kutch nzima, na ndiyo ambayo magari ya haraka huiruka. Bhujodi, kijiji cha wafumaji, kiko karibu na Bhuj na kinatosha kwa alasiri moja. Usiende wakati wa Diwali, mitambo ya kufumia huwa imelala.

Sasa tuseme jambo kuhusu neno “makabila”, ambalo tumeliondoa kwenye matangazo yetu. Watu utakaowakuta Banni, ile nyanda ya majani kaskazini ya Bhuj, ni Wajat, Wamutwa na wafugaji wengine Waislamu ambao kwa jumla huitwa Maldhari, yaani wenye mifugo; ni Wameghwal, Wahindu mafundi wa ngozi na kudarizi; na huku na huko utakutana na Warabari, wafugaji ambao wanawake wao huvaa sufi nyeusi. Hizi ni jamii zilizopangana kwa kazi, dini na ndoa, na kila moja ina mishono yake. Anayeijua hutambua mwanamke ametoka wapi kabla hajafungua kinywa. Jamii za asili zinazoitwa Adivasi, kama Warathwa na Wabhil, ziko upande wa mashariki ya Gujarat, mbali kabisa na jangwa. Ukiuziwa safari ya “makabila ya jangwani”, uliza ni jamii gani. Aliyekosa jibu hajafika.

Banni tunalala usiku mbili, kijiji cha Hodka, ndani ya bhunga. Hii ni nyumba ya msonge: ukuta mnene wa udongo, duara kamili, na paa jepesi la majani lenye umbo la pia. Mwaka 2001 nyumba nyingi za mawe zenye pembe zilianguka, ilhali bhunga nyingi zilizojengwa vizuri zilisimama, kwa kuwa duara halina kona ya kupasukia na paa jepesi halimwangukii mtu kwa uzito. Ndani kuta hupambwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha mnyama na vipande vya vioo, kazi ya wanawake. Njiani utaona vichaka vya miba vimefunika malisho. Mkenya wa Baringo hahitaji maelezo: ni mathenge uleule, ulioletwa kuzuia chumvi isisambae, ukazidi kuwameza nyati wa kufugwa na ng'ombe majani yao. Watu wameugeuza mkaa.

Kijijini tunaingia kijiji kimoja tu kwa asubuhi, watu wasiozidi sita, kwa miadi. Watakaotupokea Waislamu wasalimie kwa salamu unayoijua, inaeleweka vizuri. Kwa Wameghwal sema “Ram Ram”. Vua viatu mlangoni. Upande wa wanawake huongozwa na wanawake, na kwa nyumba nyingi za Wajat mwanaume mgeni haingii ndani hata akialikwa kwa ishara na watoto. Picha za wanawake ni hapana mpaka mwenyewe aseme ndiyo, na “ndiyo” ya mume wake haitoshi. Usigawe peremende wala kalamu. Chakula ni mkate wa uwele, khichdi (wali uliopikwa na dengu), siagi na maziwa ya mtindi yenye bizari. Usikatae kikombe cha chai, kunywa hata funda moja. Ramadhani kwa sasa inaangukia ndani ya msimu, kwa mfano 2027 itaanza mnamo wiki ya pili ya Februari, na siku hizo hatuombi mlo wa mchana kwenye nyumba yoyote ya Banni.

Chumvi ya Rann ndiyo inayowavutia wengi na ndiyo inayowavunja moyo. Pepo za kusi zinapoleta mvua, kuanzia Juni au Julai hadi Septemba, eneo lote hugeuka ziwa lenye kina kifupi. Maji hukauka polepole, na weupe kamili hupatikana kuanzia Desemba hadi Februari. Anayefika mwanzoni mwa Novemba baada ya mvua iliyochelewa huenda akakuta tope la kijivu. Safari zetu zinaanza Desemba. Wiki ya Krismasi na usiku wa mbalamwezi hujaa mno pale Dhordo, kijiji kilicho kando ya chumvi. Sisi huwapeleka wageni siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza na watu wamepungua. Kaa kwenye njia iliyokanyagwa. Ganda la chumvi linaonekana gumu, lakini chini yake ni matope, na kiatu kikizama, mguu hutoka bila kiatu. Usiku wa Januari ni baridi ya kweli kwa mtu wa pwani: beba sweta nzito na soksi.

Eneo hilo limepakana na Pakistan, hivyo pasi ya kuingia ni lazima, hukaguliwa kijijini Bhirandiyara. Beba pasipoti yenyewe na nakala mbili za ukurasa wa picha na wa visa. Kinachokwamisha watu hapo ni jina la pasi lisilofanana na la pasipoti. Droni iache nyumbani. Simu ya setilaiti pia: nchini India ni kosa la jinai kuwa nayo bila kibali. Pombe imepigwa marufuku Gujarat nzima isipokuwa kwa kibali maalumu. Chukua rupia taslimu ukiwa Bhuj, kwa kuwa vijijini wenyeji hulipana kwa simu zilizounganishwa na benki za India na kadi yako haitasaidia. Ukitoka Kenya, Uganda au Kongo, cheti cha homa ya manjano chenye umri wa angalau siku 10 ni sharti. Bila hicho unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania naye tunamshauri awe nacho.

Siku ya sita ni Mandvi, bandari ambako majahazi ya mbao bado yanajengwa kando ya mto Rukmavati. Kutoka pwani hii ya Kutch ndiko walikotoka Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilishika forodha ya Zanzibar karne ya 19, na Tharia Topan, aliyejenga lile jengo la Mji Mkongwe linalojulikana kama Zahanati ya Zamani.

Wapo wanaoomba kuongeza Jambur, kijiji cha Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, karibu na msitu wa Gir. Ongeza siku tatu, maana ni mbali na Bhuj. Lugha yao ni Kigujarati, usitegemee kuzungumza Kiswahili. Ngoma yao huitwa goma, nayo asili yake ni ibada ya mtakatifu Bava Gor. Onyesho la watalii hudumu nusu saa hivi. Ukitaka lililo la ibada, tarehe hatuzipangi sisi.

Ili tuombe pasi na kushika vyumba vya Hodka, tunahitaji nakala ya pasipoti, visa na tarehe zako wiki sita kabla ya safari. Kwa Desemba, wiki kumi.