YAH: Prosesa isiyowaka kwenye mashine mliyoniuzia ninyi wenyewe

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Mwezi Februari nilinunua dukani kwenu Kariakoo kompyuta ya HP Z420 iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Xeon E5-1620 ya kori nne, yaani vitengo vinne vya kuchakata. Naitumia kuhariri video za harusi hapa Morogoro. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya zamani, na nililipa nikijua hivyo. Ugomvi wangu ni prosesa ya E5-1650 v2 (yaani toleo la pili), ya kori sita, mliyoniuzia Mei kwa shilingi 180,000 mkinihakikishia kwamba "inaingia moja kwa moja".

Kuingia, iliingia. Soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, ni ileile, LGA2011. Nilifuta greisi ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya, nikabana vyuma viwili vya soketi na kurudisha feni. Nilipowasha, feni zilivuma, kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa ramu (vijiti vya kumbukumbu) zote nikaacha moja, nikabadili kadi ya grafiki, nikatoa betri ndogo ya kwenye bodi. Wapi! Nikarudisha prosesa ya zamani, mashine ikawaka papo hapo.

Nilipompigia fundi wenu aliniambia nisasishe bayosi, ile programu inayoiamsha kompyuta. Nilikuwa nimeshasasisha, toleo la 3.96. Siku ya pili akaniambia nisasishe tena. Siku ya tatu akageuza kibao: eti nimepinda pini za soketi. Pini gani hizo zinazopinda kwa prosesa mpya na kunyooka kwa ya zamani?

Jibu nililitafuta mwenyewe. Ukiwasha Z420 ukabonyeza F10 na kufungua taarifa za mfumo, kuna mstari wa tarehe ya buti bloku. Yangu inasomeka 12/28/2011, yaani 28 Desemba 2011, maana Wamarekani hutanguliza mwezi. Buti bloku ni kile kipande cha faimwea (programu iliyokaa ndani ya bodi yenyewe) kinachoamka kabla ya kingine chochote, na usasishaji wa kawaida wa bayosi haukigusi. Bodi zenye tarehe hiyo hazizitambui prosesa za v2. Zinazozikubali ni zenye tarehe ya 6 Machi 2013. Kwa hiyo ningesasisha bayosi mpaka vidole viote sugu, isingewaka.

Mimi ni mtu wa kamera, mambo haya nimejifunza kwa machungu. Ninyi mashine hizi mnazipanga dukani kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Na linaloniuma zaidi: kabla sijalipa niliwatumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa huohuo, tarehe ikionekana vizuri kabisa. Mkanijibu kwa kidole gumba.

Naomba moja kati ya mawili. Mnirudishie shilingi 180,000 zangu, au mnibadilishie kwa E5-1650 ya kwanza, ile isiyo na v2 mwishoni. Hiyo nayo ina kori sita na bodi yangu inaikubali. Ikiwa bei yake ni ndogo, chenji yangu naidai. Gharama ya kutuma kifurushi, kwenda na kurudi, iwe juu yenu. Pendekezo la fundi kwamba ninunue bodi nyingine kwenu "kwa bei ya kishkaji" nimelisikia, na nimelikataa.

Nimeambatisha nakala za risiti zote mbili, picha ya tarehe ya buti bloku na mazungumzo yetu ya WhatsApp, kidole gumba kikiwemo. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Zikipita kimya, nakala hizi nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Prosesa yenu iko kwenye boksi lake, haina hata mkwaruzo. Niambieni tu niipakie basi la siku gani.

Mteja wenu,
Morogoro