Kaka, Huku Naogopa Tela Tupu

Middlesbrough, 18 Januari

Kaka yangu,

Habari za Tanga? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye foleni ya kupakia, nikacheka peke yangu. Eti mimi sasa nateleza tu kwenye lami ya Ulaya, sijui tena mlima ni nini! Hebu nikueleze barabara yenyewe ninayoendeshea lori.

Inaitwa A66. Baadhi ya barabara kuu za Uingereza zinakwenda kusini na kaskazini, London kuelekea Scotland. Hii yangu inaikata nchi kwa upana, kutoka Workington kwenye bahari ya magharibi mpaka huku kwetu upande wa mashariki. Haifiki kilomita 200. Kwako hiyo ni Dar mpaka Morogoro, hata chai hujanywa.

Ukitoka Workington unaipita Cockermouth, halafu unaambaa na ziwa la Bassenthwaite. Pale gari linatulia kabisa, maana barabara imefuata tuta la reli ya zamani. Keswick ni milima na watalii wenye mabegi mgongoni. Ukifika Penrith kuna kipilefti kikubwa cha barabara kuu ya M6, na hapo tunachanganyika na malori yanayoshuka kutoka Scotland, mengine yamevuka na meli kutoka Ireland ya Kaskazini.

Kuanzia Penrith mpaka makutano ya Scotch Corner, kilomita kama 80, ndiko kwenye kazi. Barabara inakuwa njia mbilimbili, mara inabana inakuwa moja, mara inafunguka tena. Wenye magari madogo wanajua itabana, basi wanakupita dakika ya mwisho, mpaka unafunga breki wewe mwenye tani zako. Na mwanzoni mwa Juni ongeza farasi! Appleby kuna mnada mkubwa wa farasi wa Wajipsi na Watravela, jamii za kuhamahama. Wanakuja na mikokoteni yao taratibu kwenye lami hiihii, na wakifika wanawaogesha farasi mtoni. Mimi siku hizo sina haraka, naangalia.

Sasa huo mlima ulioniuliza. Unaitwa Stainmore, kati ya Brough na Bowes. Warumi walipitisha barabara yao hapo, na kule juu mpaka leo ni nyasi, kondoo na mawingu. Kimo chake ni mita mia nne na kitu, kwa hiyo ukikumbuka mlima wetu wa Kitonga utaucheka. Usiucheke. Kitonga tulikuwa tunaogopa mzigo, unavyokusukuma mgongoni na breki zinanuka. Stainmore naogopa tela tupu. Upepo ukivuma, lori refu lisilo na kitu ndani linakuwa tanga la jahazi.

Wewe mtu wa pwani una kusi, una kaskazi. Hawa wenzetu husemwa wana upepo mmoja tu nchi nzima wenye jina lake, Helm, na unateremkia bonde inamopita barabara hii, kutoka mlima wa Cross Fell. Sikuamini mpaka siku moja nikiwa karibu na Kirkby Thore, usukani nimeukaza kulia na gari linakwenda kushoto.

Wiki iliyopita nilikuwa narudi mtupu. Nafika Brough, taa zinawaka: magari ya kimo kirefu marufuku kupanda. Nikaegesha. Turubai la ubavuni likaanza kupigapiga, tela linayumba, chai kwenye kikombe inacheza kana kwamba injini inawaka, na nilishaizima. Dereva mmoja mzee akaja kunigongea dirisha, akanionyesha: fungua turubai pande zote mbili, livute lote mbele, ulikaze kwa mikanda. Upepo upite katikati. Nikafanya hivyo, vidole vimekufa ganzi, na kweli tela likatulia likabaki mifupa mitupu. Nikalala palepale mpaka saa kumi na moja alfajiri walipofungua.

Kwa hiyo ukinisikia nasema nimepakia vizuri leo, ujue nina raha. Kesho nakwenda Workington kuchukua karatasi za maboksi, kwenda mtupu, kurudi na mzigo. Nimeshaangalia hali ya hewa mara tatu.

Na wewe niambie, foleni ya Kitonga bado ni ileile? Yule tandiboi wetu naye amepata leseni, au bado analala kwenye turubai?

Wako,
ndugu yako wa A66