Video ya tamasha: kupokea Ijumaa usiku

Wapendwa wanakwaya, hamjambo. Video yetu nzima ina gigabaiti 38, na kwa kuwa WhatsApp haipokei faili inayozidi gigabaiti 2, nitaigawa kwa torenti (njia ya kompyuta kupokezana vipande vya faili moja kwa moja kupitia intaneti) kutoka kompyuta yangu hapa Buruburu, Ijumaa kuanzia saa tatu usiku.

1. Sakinisheni programu ya qBittorrent, nami nitawatumia kiungo.
2. Ukimaliza kupokea, tafadhali usizime kompyuta hadi asubuhi, kwani kila aliye na vipande huwagawia wenzake, na laini yangu ya intaneti peke yake itakesha bure.

Anayetegemea bando asijaribu. Aje Jumamosi saa nne asubuhi, Kencom, na diski ya nje (flashi ya FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, hukataa faili inayozidi gigabaiti 4).

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi jioni: torenti au diski?