Funguo za duka la Baba

Chake Chake, Pemba

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, watoto wazima, Bi Mkubwa na magoti yake ni yale yale. Karafuu zimeshika, uani hapakanyagiki kwa majamvi, na hii barua naandika huku nawafukuza kuku. Najua nimekaa kimya mno. Utanigombeza baadaye, kwanza nisikilize.

Ni lile duka la bunduki la Baba, la Dar. Kaka kashuka Mkoani na boti, hana hata mkoba, ana bahasha tu. Ndani mna karatasi anataka tutie saini sote, mimi, mdogo wangu na Bi Mkubwa, kwamba duka la marehemu ni lake na sisi hatuna dai. Hoja yake ni kwamba yeye ndiye aliyekaa dukani, halafu kazi ya silaha si ya wanawake. Hilo la pili alilisema akila ndizi nilizompikia mimi, tena akaomba mchuzi.

Basi tukaingia kwenye mirathi. Mdogo wangu, unamjua na hesabu zake, kashapiga mistari kwenye daftari la mtoto: Bi Mkubwa thumuni yake, iliyobaki mafungu manne, Kaka mawili, sisi moja moja. Hata Kamisheni ya Wakfu wangetoa hivyo hivyo. Lakini thumuni ya duka la bunduki ni kitu gani, somo? Bi Mkubwa apewe gobore moja na risasi kiganja, aweke mvunguni? Nilicheka peke yangu, wenzangu wamenuna. Na bado hatujamtaja yule mshirika wa Tanga aliyetoa nusu ya mtaji. Wanawe wanataka nusu yao, na haki wanayo, ila hati hakuna. Wazee wale walipeana mikono tu, na waliokuwepo siku hiyo wote wako chini ya udongo.

Mimi lakini hayo ya mafungu hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima ni nilichokiona nilipompeleka Bi Mkubwa hospitali Dar, tukapita dukani kusalimia. Kaka hayupo. Yupo yule kijana wa kuchemsha chai, na funguo zote kazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Jiko la gesi liko chini ya rafu, na juu ya rafu hiyo makasha ya risasi. Moja lilishawahi kurowa likachanika pembeni, risasi nyekundu zile za marisau zinachungulia. Birika linatoa mvuke unapanda huko huko.

Tumekaa, akaingia mzee mmoja na bunduki ya mitutu miwili, ameizungushia kanga. Kijana akaipokea, hakuuliza kitu, akaiegemeza ukutani mitutu ikituelekea sisi kwenye benchi. Mzee wa watu akasema pole pole, "Mwanangu, hiyo imo." Imo nini? Risasi! Imekwama ndani na bunduki haikunjuki, ndiyo maana kaileta. Yule kijana akasema "aa", akaigeuza ikatazama barabarani. Barabarani, somo, wanafunzi wanatoka skuli! Bi Mkubwa hakuelewa chochote, anauliza bei ya maembe. Nikamwinua na magoti yake, tukatoka bila ya kuaga.

Baba angekuwa hai asingevumilia hata dakika. Unakumbuka alivyokuwa baada ya mabomu ya Mbagala, Aprili 2009? Lile lilikuwa ghala la jeshi, yeye ana kiduka cha milango miwili, lakini alirudi akapanga kila kitu upya: risasi chumba chake, bunduki chumba chake, funguo mbalimbali, na moto marufuku, hata udi. Tukamcheka. Februari 2011 ikaja Gongo la Mboto, hatukumcheka tena. Na lile daftari lake, kila bunduki na namba yake na mwenyewe, kwa wino mweusi. Nililichungulia siku ile. Kurasa za mwisho zimeandikwa kwa penseli.

Halafu mna bunduki za watu humo, zilizoletwa kutengenezwa, na wengine wenyewe wamekwisha kufa. Hizo si mirathi yetu, ni amana. Mwaka 2023, Polisi walipotangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari, Septemba mpaka Oktoba, bila ya kushitakiwa, nilimwambia Kaka azipeleke zile ambazo wenyewe hawapo. "Nitazipeleka." Ndiyo hiyo mpaka leo.

Na hiyo karatasi yake ina kazi gani? Leseni ilikuwa ya Baba. Leseni ya silaha si mkarafuu kwamba mzee akifa watoto wanaendelea kuchuma. Anayetaka aombe mwenyewe, achunguzwe mwenyewe, na silaha za marehemu zifike polisi. Tukitia saini hatujampa duka, tumempa kesi. Nilimwambia hivyo. Akanijibu nimeshawishiwa na watu wa Tanga. Watu wa Tanga hata namba yangu hawana!

Bi Mkubwa yeye anasema tumwachie, mwanamume ni mmoja tu. Mdogo wangu anasema kwanza fungu lake. Wanagombana mpaka usiku, na wakati huo huo duka liko wazi, kijana anachemsha chai.

Sasa nakuuliza. Shemeji tangu astaafu upolisi bado ana watu Dar? Mrithi mmoja anaweza kwenda kituoni peke yake akaomba zile silaha zichukuliwe zihifadhiwe, kabla hajapatikana msimamizi wa mirathi? Nikienda, Kaka watamkamata? Maana sitaki afungwe, mimi nataka apokonywe funguo tu. Na huyo msimamizi tumwombe Mahakama ya Mwanzo huko Dar liliko duka, au tuanze kwa Kadhi hapa? Yule kijana naye, atabebeshwa yeye lawama zote? Hata mshahara sijui kama analipwa. Na wewe presha imeshuka? Mwanao kapata chuo? Vile vitenge ulishaviuza au bado unanidanganya?

Kaka anarudi na boti ya Alhamisi. Nipigie kabla ya hapo, tena piga, usiandike meseji, wajukuu humsomea Bi Mkubwa kila kinachoingia kwenye simu yangu. Shemeji akisema niende kituoni, natafuta nauli na naondoka boti moja na Kaka.

Wako,
Somo