Gari likipiga "ngo!", giaboksi isiwe ya kwanza kufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wenye magari, pamoja na mafundi wenzetu, kuhusu kile kishindo cha "ngo!" kinachosikika gia inapobadilishwa. Magari yenye kishindo hiki hushushwa giaboksi upesi mno, na ikishashushwa gharama haina breki tena. Kumbe mara nyingi kinachogonga ni raba iliyokatika au krosi (kiungio cha shafti inayopeleka nguvu nyuma) iliyokauka grisi. Giaboksi inapaswa kuwa ya mwisho kushukiwa.

Tutofautishe milio kwanza. Gia inayosaga "krrr" inapoingia ina habari yake: klachi haiachii sawasawa, au sinkronaiza (ringi zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) zimelika. Kishindo kimoja kizito ni jambo jingine. Maana yake kuna mahali palipolegea, na vyuma viwili vinakutana kwa nguvu pale mzunguko unapogeuza mwelekeo.

Tazama pia kasi ya injini gari likiwa limesimama. Injini iliyopata moto huzunguka takriban mara 600 hadi 850 kwa dakika. Ikiwa bado ya baridi inaweza kupita 1,200, na ukiingiza D (gia ya kwenda mbele kwenye otomatiki) wakati huo gari litashtuka tu. Ikibaki juu hata baada ya kupata moto, rekebisha hilo kabla ya kugusa kitu kingine.

Zinazofuata ni mauntingi, yaani raba zinazobeba injini na giaboksi. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Egesha pahali tambarare, weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, vuta hendibreki, fungua boneti. Dereva akanyage breki kwa nguvu, awashe injini, ahamishe gia kutoka P (ya kuegesha) kwenda R (ya kurudi nyuma), asubiri sekunde mbili, kisha D. Mtazamaji asimame ubavuni mwa gari, kamwe si mbele wala nyuma yake. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka waziwazi kisha ikaanguka kwa kishindo, kuna mauntingi iliyokatika. Ikinyanyuka kwenye R lakini ikatulia kwenye D, au kinyume chake, umeshajua uchunguze upande gani. Mauntingi zenye majimaji ndani hujionyesha zenyewe: zikipasuka huacha doa jeusi linalotiririka.

Kuzibadilisha kunataka utulivu. Beba injini kwa jeki iliyowekewa kipande cha ubao juu, ili karta (bakuli la oili chini ya injini) isibonyee. Boliti za mauntingi mpya zishikizwe kwa mkono tu. Shusha injini ikae yenyewe, itikise, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukikaza injini ikiwa bado inaning'inia, raba itakuwa imejipinda tangu siku ya kwanza, nayo haitadumu.

Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, ingia chini kwenye propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, gari likiwa juu ya shimo au kwenye stendi imara. Usitegemee jeki peke yake. Zima injini, magurudumu yawe yamezuiwa, gia iwe N (huru). Shika pande mbili za krosi na kuzizungusha kinyume, mkono mmoja huku na mwingine kule. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake ni ushahidi kwamba sindano za ndani (vyuma vyembamba vya beringi) zimekauka. Kagua na beringi ya kati, kwa kuwa raba yake huchanika kimyakimya.

Kabla ya kufungua shafti, itie alama ya rangi pamoja na flenji yake (sahani inapofungwa kwa boliti), ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ukiirudisha kombo, utaondoa kishindo na kuingiza mtetemo. Vikombe vya krosi mpya viingizwe kwa presi au jiriwa, si kwa nyundo. Sindano moja ikilala chini ya kikombe, klipsi haitaingia kwenye mfereji wake. Usilazimishe, toa kikombe upange sindano upya. Iwapo kishindo hutokea gari linaposimama kabisa au linapoanza kuondoka, meno ya shafti yanayoteleza ndani ya yoki (kipande cha kuunganishia shafti) yanaweza kuwa yamekauka.

Kwenye giaboksi ya otomatiki, hesabu muda. Ukiingiza D, gari lishike ndani ya sekunde moja hivi. Likichelewa kisha likashika kwa kishindo, pima oili kwanza, kwa utaratibu wa kitabu cha gari hilohilo: mengi hupimwa injini ikiwa moto na inawaka, machache injini ikiwa imezimwa. Oili ikipungua, presha hukosekana. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, au ikiwa ni aina isiyo yake, hapo sasa unayo sababu ya kuiangalia giaboksi, tena ukianza na mashine ya kusoma kodi za hitilafu na solenoidi zake (vali za umeme zinazoongoza oili).

Kimoja zaidi, maana wengi huhangaika nacho bure. Kishindo kikubwa cha kutoa gia kwenye P mlimani hutokana na uzito wote wa gari kuegemea kipande kidogo cha chuma kinachofunga giaboksi. Ukiegesha kwenye mteremko, breki ikiwa imekanyagwa, weka N, vuta hendibreki, achia breki ya mguu polepole hadi gari litulie, kisha tia P. Kishindo kikitoweka, gari halina cha kutengenezwa.

Ni sisi,
Mafundi wa magari