Mkaguzi akianza na namba ya mteja

Ndugu Mhariri,

Kampuni iliyopata hati safi ikifilisika, swali la kwanza magazetini huwa ni wakaguzi walihongwa shilingi ngapi. Rushwa ipo, hatubishi. Lakini tafiti za namna wakaguzi wanavyofikia maamuzi zinaonyesha kwamba hata asiyekula senti anaweza kupitisha hesabu mbovu, kwa sababu tu ya mpangilio wa kazi: anaanza na namba ya mteja, yaani makadirio ambayo kampuni anayoikagua imekwisha kuandika.

Mwaka 1981 watafiti Joyce na Biddle walichapisha jaribio walilowafanyia wakaguzi Marekani. Kundi moja liliulizwa kama udanganyifu wa viongozi wa juu hutokea katika zaidi ya kampuni 10 kwa kila 1,000. Kundi jingine liliulizwa kama ni zaidi ya 200. Kisha wote wakatakiwa kukadiria idadi yenyewe. Kundi la kwanza lilitoa wastani wa karibu 17, la pili 43. Namba ya kwenye swali haikuwa ushahidi wa chochote, na waliojibu walikuwa watu wa fani.

Kazini namba hiyo huja na saini ya mkurugenzi wa fedha. Tuseme kampuni ya vifaa vya ujenzi inawadai wateja shilingi milioni 800: milioni 500 hazijavuka siku 30, milioni 150 ni za siku 31 hadi 60, milioni 90 za siku 61 hadi 90, na milioni 60 zimepita siku 90. Kwa madeni chechefu, yale yanayohofiwa kutolipwa, menejimenti imetenga asilimia 1, 4, 15 na 25 kwa mfuatano huo, jumla milioni 39.5. Mkaguzi anajiuliza kama hiyo 25 inaingia akilini. Anapewa maelezo, anapekua taarifa ya benki ya Januari, anakuta wateja wawili wa kundi hilo wamelipa, na kwa tahadhari anapandisha hadi 30. Tofauti ni milioni 3. Kwake kosa zito linaanzia milioni 15, basi anatia tiki na faili linafungwa.

Wale wawili walikuwa rahisi kuwapata, maana aliyelipa huonekana benki. Asiyelipa haonekani popote; lazima umfuate kwenye orodha, jina kwa jina. Mkaguzi huyo huyo angeanza na makusanyo ya miaka mitatu iliyopita, bila kuonyeshwa jedwali la asilimia la kampuni anayoikagua, huenda angekuta kwamba madeni yaliyovuka siku 90 hupotea kwa asilimia 60. Hapo jumla ni milioni 60.5, tofauti ni milioni 21, na kikao na mteja kinakuwa kingine kabisa.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa makadirio, ISA 540 kilichorekebishwa, kinachohusu hesabu za vipindi vilivyoanza 15 Desemba 2019 na kuendelea, kinamkataza mkaguzi kupanga kazi yake ielemee ushahidi wa kuunga mkono tu. Hata hivyo kinampa njia tatu: kuangalia yaliyotokea baada ya mwaka kufungwa, kupima hesabu ya menejimenti, au kutengeneza makadirio yake mwenyewe. Saa zikiwa chache, ya tatu huachwa.

Dawa yake si ghali. Kijana wa timu apewe ankara na risiti kabla ya jedwali, aandike viwango vyake, atie tarehe, ndipo afungue vya mteja na kueleza tofauti kwa maandishi. Msimamizi naye asome ushahidi kabla ya hitimisho, la sivyo atavutwa na kijana kama kijana alivyovutwa na mteja. Kizuizi kiko kwenye tathmini za wafanyakazi: mtafiti Brazel na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba aliyetilia shaka, akachimba, asikute kosa, hupewa alama za chini, ingawa uamuzi wa kuchimba ulikuwa sahihi. Mwaka unaofuata ataandika "sawa na mwaka jana" na kwenda nyumbani mapema.

Kwenu wanahabari tuna ombi moja. Mnaporipoti hati safi ya kampuni iliyo soko la hisa, fungueni sehemu ya mambo makuu ya ukaguzi ndani ya ripoti ya mkaguzi, muone ni makadirio gani yalimsumbua. Kisha nendeni kwenye maelezo ya hesabu, mtafute faida ingekuwa kiasi gani kama makadirio hayo yangebadilika kidogo. Ikiwa imetajwa, ichapisheni kando ya faida iliyotangazwa. Ikiwa haimo, mwulizeni mkurugenzi wa fedha.

Wakaguzi wa hesabu,
Dar es Salaam